Aga Khan: Zahanati ya 1929 iliyozaa mtandao wa hospitali

Wadau, hapa Bongo ukisema fulani kalazwa Aga Khan, swali la kwanza si anaumwa nini, bali nani analipa. Neno "hospitali binafsi" vichwani mwetu limeshakuwa jina jingine la hela. Lakini mtandao huu ni wa zamani kuliko uhuru wetu, na ulivyokua unatueleza mengi kuhusu sisi wenyewe na jinsi tulivyoamua nani atibiwe wapi.

Tuanzie Muhimbili. Wengi mmewahi kumpeleka mgonjwa katika jengo la Sewahaji, bila kujua kwamba hilo ni jina la mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kiismailia aliyetajirika Bagamoyo enzi za misafara, akafariki 1897. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa Dar es Salaam, wakati Wazungu wakiwa na yao kule Ocean Road. Matibabu yaligawanywa kwa rangi, na aliyekuwa hana mwenyewe alibaki na waganga wa kienyeji au wamisionari.

Katika mazingira hayo, Waismailia walijifunza kujitegemea. Walikuwa wameshaanzisha shule Zanzibar tangu 1905, na 1929 wakafungua zahanati Dar es Salaam. Mwaka 1944 ikaja hospitali ya Mombasa. Mwaka 1946 kiongozi wao, Aga Khan wa Tatu, akapimwa hapa Dar kwenye mizani, upande mmoja yeye na upande wa pili almasi, kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Ukumbi wa Diamond Jubilee mnaoujua kwa miziki na mikutano umebeba kumbukumbu ya sherehe hiyo. Michango ya jubilei za namna hiyo ilikwenda kwenye miradi ya jamii. Hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa 1958 ilipewa jina la Platinum Jubilee, na ikapokea watu wa rangi zote katika mji ambao hospitali ya Wazungu ilikuwa ya Wazungu kweli kweli. Kisumu nayo ilipata ya kwake katika miaka hiyo ya 1950. Ya Dar ikafunguliwa 1964.

Baada ya hapo nchi mbili jirani zikaachana njia. Kenya iliacha soko lifanye kazi yake, na hospitali binafsi zikaendelea kupanuka. Sisi tukatangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Shule ya sekondari ya Aga Khan ikataifishwa, ndiyo Tambaza ya leo. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha nazo zikachukuliwa, na familia nyingi za Kihindi zikafungasha virago. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria iliyopiga marufuku kutibu watu kwa faida binafsi.

Hapo ndipo ungetegemea Aga Khan ya Dar ifungwe. Haikufungwa. Sheria ile ilimlenga daktari mwenye kliniki yake ya biashara, huku mashirika ya dini na ya kujitolea yakiruhusiwa kuendelea. Aga Khan haina wanahisa wanaogawana gawio mwisho wa mwaka. Kinachobaki hurudi kwenye huduma. Kwa maneno mengine, ni binafsi lakini si duka.

Marufuku ile ilidumu miaka 14 hadi sheria ilipobadilishwa 1991. Mwaka 1993 serikali ikaleta uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, na matibabu ya bure tuliyozoea yakaanza kuwa hadithi. Wakati huo Aga Khan walikuwa wamejipanga. Chuo kikuu chao kilianzishwa Karachi 1983 na hospitali yake ikafunguliwa 1985. Miaka ya 2000 chuo hicho kikaingia Afrika Mashariki, kikianza na wauguzi kisha madaktari bingwa, na 2005 hospitali ya Nairobi ikawa hospitali ya chuo kikuu. Upanuzi mkubwa wa Dar ulikamilika 2019, kwa msaada wa mkopo wa shirika la maendeleo la Ufaransa, vitanda vikipanda kutoka 74 hadi 170. Kliniki zikasambaa mikoani: Mwanza, Dodoma, Mbeya na kwingineko.

Sasa tuje kwenye kiini. Mkopo hulipwa, mashine za saratani na moyo hununuliwa kwa dola, na daktari bingwa ana bei yake. Kuwa shirika lisilogawana faida hakufanyi bili iwe ndogo. Upo mfuko wa kusaidia wasiojiweza, lakini mfuko wa hospitali moja hauwezi kuwa sera ya nchi. Kazi hiyo ni ya bima. NHIF ilipoanza 2001, mtumishi wa umma mwenye mshahara wa kawaida alipata tiketi ya kuingia milango hiyo. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali kubwa binafsi nchini zilitangaza kusitisha kupokea kadi zake. Ghafla watu wakagundua kwamba tiketi ile inaweza kukataliwa mlangoni.

Aga Khan wa Nne, aliyesimamia sehemu kubwa ya upanuzi huu tangu 1957, alifariki Februari 2025, na mwanawe Rahim akarithi nafasi. Majengo aliyoyaacha yanaonekana. Kinachobaki ni letu, si lake.

Zamani mlango ulifunguliwa kwa rangi ya ngozi. Leo unafunguliwa kwa rangi ya kadi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, na kipimo chake ni rahisi tu: je, mama muuza vitumbua wa Mbagala ataweza kuingia pale ufukweni bila kuuliza kwanza nani analipa?

Naomba kuwasilisha.