Jiwe Kaburini: Liangzhu na Njoro

Je, zana ya jiwe ni kifaa cha kazi tu? Makaburi yanakanusha. Huko China, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, watu wa Liangzhu walizika wakuu wao pamoja na mashoka ya jedi, jiwe gumu la thamani. Shoka lilikuwa alama ya cheo. Kwetu Afrika Mashariki, Mary na Louis Leakey walichimba Pango la Mto Njoro, Kenya, mwaka 1938. Humo wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita walichoma maiti, wakazika wake kwa waume na bakuli, kinu na mchi wa mawe. Inaonekana jiwe lao halikutenga mkubwa na mdogo. Nyumbani, urusyo, jiwe la kusagia la bibi yangu, limelala uani. Tusisubiri wachimbaji, bibi yupo, tumwulize.