Ndaye Mulamba na zile tisa mbili

Tarehe 16 Novemba 2025, siku Leopards walipowatoa Nigeria kwa penalti, Butembo haikulala. Sisi tulitazama kwa jirani mwenye jenereta, watu kama arobaini ndani ya chumba cha watu kumi. Siku tatu nyuma Chancel Mbemba alikuwa amewafunga Kameruni dakika za nyongeza, 1-0, na sasa tena tiketi ya Kombe la Dunia ilikuwa inanukia, imebaki mechi ya mchujo ya mwezi wa tatu. Kiti kimoja kilivunjika. Mwenye kiti hakudai hata franka moja.

Asubuhi yake, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha tuliomaliza pamoja, mwenzetu mmoja akatuma ile video. Mnaijua wote. Mwepu Ilunga, mwaka 1974, anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla wao wenyewe hawajaugusa. Chini yake akaandika: "Tukienda kule watatupiga tena 9-0." Vicheko vikajaa. Hata mimi nilicheka. Kisha nikaona aibu, sababu nimelelewa na mzee ambaye nyumbani kwake hiyo tisa haitajwi bila kutaja tisa ingine.

Basi ndugu zangu, mniwie radhi leo nisiandike juu ya kazi wala masomo. Nataka kuandika juu ya tisa ingine.

Ni magoli tisa. Yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, katika Kombe la Afrika moja tu, kule Misri, mwezi wa tatu 1974. Kabla yake Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefikisha 8 mwaka 1970. Tangu hapo, zaidi ya miaka hamsini, hakuna aliyefikisha tisa katika kombe moja. Vincent Aboubakar wa Kameruni alikaribia mwanzoni mwa 2022: alifika 8, katika kombe la timu 24. La Ndaye lilikuwa la timu 8 tu, na Zaire ilicheza mechi sita.

Papa alikuwa kijana wa shule wakati huo, hapa hapa Butembo. Televisheni hawakuwa nayo. Kulikuwa transista ya mfanyabiashara mmoja wa kartiye yao, ambaye jioni aliiweka dirishani, na watu wakasimama barabarani ndani ya baridi yetu hii. Mtangazaji wa Voix du Zaïre alisema Kifaransa, na watoto waliosoma wakawatafsiria wazee kwa Kinande. Papa alikuwa mmoja wa hao watafsiri. Anasema njo kazi ya kwanza aliyofanya maishani, na hakulipwa. Alikuwa na daftari ya hesabu; ukurasa wa mwisho akaugeuza kuwa kitabu cha Ndaye. Hiyo daftari ingali ipo, imeliwa na panya pembeni, lakini ule ukurasa unasomeka.

Umeandikwa hivi, nawapa jinsi ulivyo: Guinea, 2. Brazzaville, hakuna. Morisi, 1. Misri, 2. Zambia, 2. Zambia tena, 2.

Mstari wa Brazzaville ameupigia msalaba, maana jirani zetu wa ng'ambo ya mto walitushinda 2-1 na Ndaye hakufunga. Lakini mstari wa Misri ndio papa huwa anaukalia saa nzima. Nusu fainali, Cairo, mbele ya wenyeji. Misri wanaongoza 2-0 katika kipindi cha pili. Pale dirishani watu wameanza kuondoka, na mwenye transista anataka kuizima apate kuponya betri. Ndaye anarudisha moja. Kidumu Mantantu anasawazisha. Ndaye anafunga la tatu. Papa anasema alitafsiri lile goli la tatu mara nne, sababu kila mzee aliyerudi alitaka kulisikia upya.

Fainali na Zambia ikawa na mambo yake. Zambia wakafunga kwanza, Ndaye akasawazisha, wakaenda kwenye dakika za nyongeza. Dakika ya 117 Ndaye akafunga la pili, kombe likawa mkononi kabisa. Zambia wakasawazisha mwishoni, 2-2. Wakati huo fainali ya sare haikwenda kwenye penalti. Walirudi uwanjani baada ya siku mbili, tarehe 14 Machi. Zaire 2, Zambia 0. Yote mawili ya Ndaye. Kwa hiyo katika fainali na marudio yake Zaire ilipata magoli manne, na yote manne yalitoka kwa mtu mmoja.

Ni lazima pia niseme huyu mtu alitoka wapi, maana wengi wetu tunadhani mpira wa nchi hii ulianzia Mazembe. Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Alianzia timu za Kasai, akaingia Vita Club ya Kinshasa mwaka 1972, na mwaka uliofuata Vita wakachukua kombe la klabu bingwa za Afrika: walipigwa 4-2 kwa Asante Kotoko huko Ghana, wakarudi nyumbani wakashinda 3-0. Alibatizwa Pierre, lakini Mobutu alipokataza majina ya kizungu, Pierre akaenda na wengine wote. Mashabiki walimpa lao: Mutumbula. Kwenda Ulaya hakwenda, maana utawala wa wakati ule haukutaka wachezaji watoke. Alibaki Vita hadi 1988. Wale mnaohesabu ukubwa wa mchezaji kwa klabu za Ulaya, hapo mtakosa pa kumweka.

Sasa twende Ujerumani.

Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika Kombe la Dunia. Mobutu alikuwa amewagawia wachezaji nyumba na magari baada ya Misri, na ahadi zingine zilikuwa njiani. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni, walipigwa na Scotland 2-0, na kwa wageni haikuwa aibu. Baada ya hapo wachezaji wakapata habari kwamba pesa zao hazitafika, zimeliwa na wakubwa waliosafiri nao. Wenyewe walisimulia baadaye kwamba walitaka kukataa kuingia uwanjani. (Waalimu mliosimamisha masomo kwa sababu ya mshahara, hapo hamhitaji maelezo.) Wakaingia mwishowe, na mioyo yao haikuwa pale.

Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, mbele ya Yugoslavia. Dakika ya 21 ilikuwa tayari 3-0, na kocha Vidinić, ambaye naye alikuwa Myugoslavia, akamtoa kipa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Goli la nne likaingia mara moja. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia wakilalamika kwamba ilikuwa ofsaidi. Katika ule mvurugano mtu mmoja akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Delgado akageuka, akatoa kadi nyekundu, akampa Ndaye.

Hakuwa Ndaye. Alikuwa Mwepu Ilunga, na Mwepu mwenyewe alikiri. Mwepu alivaa namba 2, Ndaye namba 13. Sasa mwamuzi alichanganya vipi beki na mshambuliaji wa kati? Tafuta mwenyewe jibu, langu mimi ninalo: kwake sisi wote tulikuwa sura moja. Ndaye alitoka, na mechi na Brazil hakuicheza. Kombe la Dunia la mfungaji bora wa Afrika lilikuwa mechi moja na dakika ishirini na kitu.

Sisemi angebaki tungeshinda. Hata kidogo. Timu ilikuwa imevunjika kabla ya kuvaa jezi. Ninasema tu kwamba ile 9-0 tunayoichekea, mtu wa magoli tisa hakuwa ndani yake. Na ile video ya Mwepu na Wabrazili inatoka siku nne baadaye, mechi ambayo tulipigwa 3-0. Mwepu alisimulia kwamba kabla ya mechi hiyo watu wa Mobutu waliwaambia: mkifungwa manne, msirudi. Mtu aliyeambiwa hivyo akipiga mpira ovyo ili dakika ziende, mimi sioni kichekesho. Mwepu naye alifariki mwaka 2015, na dunia nzima ingali inamcheka.

Mengine ya Ndaye nitayapitisha haraka, si kwa kuwa ni madogo. Mwaka 1994 Shirikisho la Afrika lilimwita Tunisia, kwenye kombe, likampa heshima kwa ajili ya yale magoli. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha wakamvamia, wakidhani mtu aliyeheshimiwa hivyo lazima ana pesa. Walimpiga risasi mguuni. Mtoto wake wa kwanza aliuawa. Mguu uliofunga tisa. Alipopata nafuu, mwaka 1996, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town kama mkimbizi, katika mtaa wa maskini, kati ya watu ambao wengi wao hawakujua ni nani amepanga jirani yao.

Halafu 1998. Kombe la Afrika liko Burkina Faso, na timu yetu, sasa ikiitwa tena Kongo, inapigana vizuri mpaka kupata nafasi ya tatu. Huko huko watu wakasimama dakika moja kimya kwa ajili ya marehemu Ndaye Mulamba, aliyefariki, ilisemekana, katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola. Ndaye alikuwa hai, Cape Town. Papa aliposikia habari ya kifo alilia. Aliposikia ni uongo, anasema hakufurahi kama alivyotegemea. "Si njo sawa ile kadi," aliniambia. "Balimukamata mu nafasi ya mutu mwingine, na sasa balimuzika mu nafasi ya mutu mwingine."

Mwaka 2010 zilitoka kazi mbili juu ya maisha yake: filamu, Forgotten Gold, na kitabu kwa Kifaransa chenye jina La mort m'attendra, yaani kifo kitaningoja. Kilimngoja hadi tarehe 26 Januari 2019, Johannesburg. Alikuwa na miaka 70.

Nakumbuka hiyo wiki vizuri. Ebola ilikuwa imetangazwa Mangina tangu mwezi wa nane, ikashika Beni, ikaingia Butembo. Mlangoni kwa kila duka ndoo ya maji ya klorini, kila kizuizi wanakupima joto kwenye paji la uso. Tarehe 30 Desemba nchi ilipiga kura na sisi wa Beni na Butembo tukaambiwa tungoje mwezi wa tatu, eti kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Beni watu walijipangia foleni na kupiga kura yao wenyewe, kura isiyohesabiwa na mtu. Tarehe 24 Januari Rais mpya aliapishwa Kinshasa bila sisi. Siku mbili baadaye Ndaye akafa. Nani hapa kwetu angekuwa na nafasi ya kumlilia mshambuliaji wa 1974? Redio ilisema kidogo tu, kisha ikarudi kwenye hesabu ya wagonjwa. Papa alinawa mikono, akaingia, akatoa ile daftari sandukuni na kukaa nayo bila kusema. Mara hii hakungoja mtu wa kuja kukanusha.

Hapa nimtaje kaka yangu. Ana shahada ya kilimo. Alikimbia upande wa Beni mwaka 2014, mauaji yalipoanza, akapita Uganda, akashuka nchi hadi nchi mpaka Cape Town. Huko analinda magari kwenye parkingi ya duka kubwa; mwenye gari akipenda anamtupia sarafu. Anasema Wakongo wa kazi hiyo ni wengi, na ukiwauliza walisomea nini utapata chuo kizima: mwanasheria, mwalimu wa fizikia, nesi. Ndaye aliishi kati ya watu wa namna hiyo, akifundisha mpira vijana wa timu ndogo.

Basi siku ile ya video, nilipoacha kucheka, nilipiga picha ukurasa wa papa nikautuma kwenye kikundi. Sikuandika maneno mengi: "Hii ni tisa ingine. Jumlisheni." Mmoja akauliza kama hayo ni magoli ya timu nzima. Mwingine, yule yule wa video, akanyamaza mpaka mchana, kisha akauliza kama papa anaweza kupokea wageni Jumapili. Nikajibu anaweza, ila mje na muda, maana ile mechi ya Misri peke yake ni saa nzima.

Picha ile ile niliituma kwa kaka. Alijibu usiku, akiwa ametoka kazini. Anaijua daftari tangu utoto, lakini mambo ya Cape Town papa hakuwahi kumsimulia, alikuwa ameshaondoka. Aliandika mistari miwili tu: "Alikuwa huku? Mbona hamukuniambia, ningemutafuta."