Mlima wa Ukambani Unaosikiliza Mabomu ya Wakubwa

Jumapili ya tarehe 3 Septemba 2017, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa za Kenya, Korea Kaskazini ililipua bomu la nyuklia chini ya mlima, huko Punggye-ri. Kathonzweni, huko Ukambani, kama Kenya nzima, ilikuwa na habari yake nyingine: siku mbili kabla, Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta matokeo ya uchaguzi wa urais. Dakika kama 13 baada ya mlipuko, mtetemo ulikuwa umeshakata zaidi ya kilomita 10,000 ndani ya dunia na kupita chini ya Ukambani. Hakuna mbuzi aliyeshtuka. Mtetemo ukishatoka mbali hivyo haumfikii mtu. Unahitaji chombo cha kuunasa, na chombo hicho kipo kilomita 100 hivi kaskazini-magharibi mwa Kathonzweni.

Kipo Kilimambogo, mlima ambao Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk. Wageni hupanda kuona nyati, na kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Alitaka azikwe kileleni, lakini mteremko ulikuwa mkali na mzigo mzito, waombolezaji wakachoka wakamzika njiani. Wachache wanaofika pale wanajua kwamba mwamba uleule umefungwa kipima mitetemo. Wataalamu hukiita KMBO, na katika orodha ya dunia ya vituo vya kufuatilia majaribio ya nyuklia ni PS24.

Kwa nini mataifa makubwa yahitaji mwamba wa Ukambani? Jibu limo katika mantiki ya kuogopana. Mwenye bomu hashambulii kwa sababu anajua atajibiwa, na hofu hiyo ndiyo inayodaiwa kulinda amani. Lakini huwezi kumwogopa mtu kwa kiasi kinachostahili kama hujui ana nini ghalani. Kwa hiyo tangu mwanzo mashindano ya silaha yalizaa mashindano ya kupelelezana, na upelelezi wa bei nafuu kuliko wote ulikuwa kutega sikio ardhini.

Mwaka 1963 jambo hilo lilijitokeza mezani waziwazi. Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilisaini mkataba mjini Moscow tarehe 5 Agosti kupiga marufuku majaribio hewani, katika anga za juu na chini ya maji. Chini ya ardhi wakapaacha. Nchi za Magharibi zilishikilia kwamba pasipo wakaguzi kufika mahali penyewe, hapakuwa na njia ya uhakika ya kutofautisha bomu dogo na tetemeko. Wasovieti nao hawakutaka wakaguzi wengi wakizurura kwao. Basi mabomu yakahamia mashimoni, na kwa miaka karibu thelathini iliyofuata ardhi ya Nevada na ya Kazakhstan haikupumzika.

Marekani ikaamua kusikiliza. Katika miaka ya 1960 ilisambaza duniani vituo zaidi ya mia moja vyenye vyombo vya aina moja, na kimojawapo kikawekwa Nairobi kwa jina la NAI. Sayansi ya matetemeko ilinufaika mno. Bila hofu ya Wasovieti, huenda pesa hizo zisingepatikana kamwe. Ufundi wenyewe si mgumu kuelewa. Tetemeko ni mwamba unaoteleza, kwa hiyo hutoa mawimbi mengi ya kuyumbisha ardhi. Bomu husukuma pande zote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo wimbi la kwanza huja na nguvu na yale ya kuyumbisha hubaki dhaifu.

Wakenya waliiona kazi hiyo karibu zaidi kuliko walivyotaka. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, kipima mitetemo kilichokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, umbali wa kilomita 3 hivi, kilinasa mlipuko huo. Halikuwa bomu la nyuklia, lakini wanasayansi waliuchambua mchoro wake kwa njia zilezile.

Wakati huo Kenya ilikuwa imeshasaini mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, chini ya ardhi pia. Mkataba huo ulifunguliwa kusainiwa mwaka 1996 na kupanga mtandao wa vituo na maabara 337 duniani. Mbali na Kilimambogo, Nairobi kuna IS32, kituo kinachonasa sauti nzito mno ambazo sikio la binadamu halizipati.

Mchango wa Afrika, hata hivyo, haukuanza kwa kusikiliza. Sehemu kubwa ya urani iliyoingia katika mradi uliozaa bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo. Zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zilikuwa zimehifadhiwa New York tangu 1940, zikisubiri mnunuzi. Wachimbaji hao hawana mnara katika historia inayosimuliwa Marekani.

Na maghala? Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000. Taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ya Sweden ilikadiria 12,241 mwanzoni mwa 2025: Urusi 5,459, Marekani 5,177, China 600, na vilivyobaki vya Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Upungufu ni mkubwa, lakini asisahau mtu kwamba China inaongeza kwa kasi.

Kilimambogo kinaendelea na zamu, na hapo ndipo mkataba wa 1996 unapotia aibu. Kenya, isiyo na hata kichwa kimoja, iliuridhia tarehe 30 Novemba 2000. Urusi iliuridhia kisha ikajiondoa katika uridhiaji huo mwaka 2023. Marekani, ambayo ndiyo iliyoanza kutandaza vyombo hivi, ilisaini siku ya kwanza kabisa, 24 Septemba 1996. Seneti yake ikaukataa Oktoba 1999, na mkataba haujaanza kutumika kisheria.