Kifafa Kisichoangusha Mtu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari aliyetaka kuthibitisha kifafa alitegemea masimulizi ya waliomwona mgonjwa akianguka, akikakamaa na kutokwa na povu, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakumbuki lililompata. Mwaka 1873 John Hughlings Jackson, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu mjini London, alikwisha kueleza kuwa kifafa ni mlipuko wa ghafla wa nguvu uliopita kiasi katika tishu ya kijivu ya ubongo, ingawa hakuwa na chombo cha kuuonyesha mlipuko huo. Miaka miwili baadaye Richard Caton wa Liverpool alithibitisha kwa galvanomita, yaani kipimo cha mkondo hafifu wa umeme, kwamba ubongo wa sungura na kima hutoa umeme, lakini nusu karne ikapita kabla ya mtu yeyote kuupima ule wa binadamu.

Aliyeupima ni Hans Berger, tabibu wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, ambaye kiu yake ya awali ilikuwa kujua kama fikra za mtu zinaweza kumfikia mwingine kwa mbali. Alifanikiwa mwaka 1924, akakaa na matokeo yake hadi 1929 ndipo akayachapisha, na hata hapo wengi waliyatilia shaka mpaka Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipoyarudia mwaka 1934. Mchoro huo, unaoitwa elektroensefalogramu, hupatikana kwa kubandika kichwani vipande vya metali viitwavyo elektrodi na kukuza umeme hafifu unaopimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni moja za volti.

Thamani yake kwa wagonjwa wa kifafa ilidhihirika Boston, Marekani, ambako Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walichapisha mwaka 1935 michoro ya watu waliopatwa na kifafa huku kalamu zikiendelea kuandika. Ajabu ni kwamba ushahidi ulio wazi kuliko wote haukutoka kwa mgonjwa aangukaye, ambaye mtikisiko wa misuli yake huuvuruga mchoro, bali kwa yule anayeduwaa tu. Mtoto mwenye kifafa cha aina hiyo hukatisha sentensi, hukodoa macho kwa sekunde chache, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na mwalimu asiyejua humwadhibu kwa uzembe. Katika karatasi, hata hivyo, mistari iliyotulia hupanda ghafla, mwiba mkali ukifuatwa na wimbi pana, mara tatu kila sekunde, kisha hukatika ghafla vilevile. Kwa kumhimiza apumue kwa nguvu na haraka, daktari aliweza hata kuliamsha tukio hilo mbele ya mashine, na hapo hoja ya Jackson ikapata umbo linaloweza kupimwa kwa rula.

Hata hivyo, mchoro uliochukuliwa kati ya kifafa kimoja na kingine unaweza kuwa wa kawaida kabisa, na aliyeuamini kupita maelezo ya ndugu wa mgonjwa aliweza kumwondolea mtu ugonjwa alionao. Frederic Gibbs na mkewe Erna waliuona udhaifu huo, wakaonyesha mwaka 1947 kuwa usingizi huzifichua dalili nyingi zinazojificha mtu akiwa macho, na ndiyo maana wagonjwa wengi huombwa wapunguze usingizi usiku wa kuamkia kipimo, ili wasinzie mashine ikiwa inaandika.