Shisanhang katika Vipande

Jioni moja chamani tulimwaga mezani vipande vya picha na kuanza kuviunganisha. Taratibu yakajitokeza majengo ya Shisanhang, yaani maghala na makazi ya wafanyabiashara wa kigeni kando ya Mto Zhujiang, hapa Guangzhou. Kuanzia 1757 hadi 1842, biashara ya baharini kati ya China na nchi za Ulaya ilipitia bandari hii.

Mchoro wenyewe ni wa Mwingereza Thomas Allom, uliochongwa kwenye bamba la chuma na kuchapishwa London mwaka 1843. Tulipotafuta habari zake tukashangaa: Allom hakuwahi kufika China. Alitegemea michoro ya watu waliofika. Nayo majengo yaliteketea kwa moto mwaka 1856, wakati wa Vita vya Pili vya Kasumba. Leo mahali pale pana Bustani ya Utamaduni.

Je, tuutupe mchoro huo? La. Tuuulize kwanza: nani aliona, nani alichora, na nani alikusudiwa kuununua?

Mchezo wa vipande hukamilika kwa kuwa vyote vimo sandukuni. Historia haiji hivyo. Vipande vingine vimeungua, vingine viko ng'ambo. Kule Kunduchi, Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya kale zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Sisi tunaosoma Kiswahili Guangzhou tunaweza kutafuta vipande pande zote mbili za bahari. Tusiridhike na picha ya mtu ambaye hakufika.