Kwa nini tunaita siku ya posho, na namna baba wa Kongo alivyopimwa



Kila siku ya posho, kisha habari za jioni, tunafungua laini ili watu watupigie. Wamama wanapiga juu ya kila kitu: maji, shule, mtoto mwenye homa, bwana ambaye hajulikani aliko. Wababa wanapiga juu ya barabara, mpira na serikali. Jioni moja ya mwaka 2024, wakati kambi zilikuwa zingali zimezunguka mji wa Goma, baba mmoja alipiga. Hakusema jina, na mimi sikumwomba. Alisema alikuwa na shamba na ng'ombe wanne huko Masisi. Sasa bibi yake anabeba mizigo sokoni na ndiye anayemlisha. Alisema jioni anachelewa kwa makusudi kurudi kwenye hema, ili akute watoto wamelala wasimtazame mikono.

Kisha akanyamaza. Redioni, sekunde kumi za kimya ni nyingi sana. Fundi wetu alinionyesha kwa mkono kwamba nikate. Sikukata. Baba yule akasema, "Basi, ni hayo," akafunga mwenyewe.

Simu zilizofuata ndizo zilizonisumbua zaidi. Wachache walimhurumia. Wengi walimcheka: huyo si mwanaume, tangu zamani za mababu baba wa Kiafrika ndiye anayelisha, na baba halii mbele ya watu. Nililala na neno hilo, "tangu zamani". Zamani gani?

Nyumbani kwetu kuna kopo la biskuti ambalo mama yangu amekimbia nalo mara tatu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilipotea njiani, lakini ndani ya kopo ingali buku ya babu yangu, mzaliwa wa upande wa Mwenga. Ni buku ya utambulisho ya wakati wa Wabelgiji. Jina lake, kijiji, mwami wake, halafu mihuri ya kodi, mwaka kwa mwaka. Hakuna mahali inaposema kama alikuwa mtu mwema, mlevi, mpatanishi, au baba aliyejua kucheza na wajukuu. Inasema alilipa. Kwa serikali, huyo ndiye mwanaume.

Kabla ya mihuri ile, wazee wa Kirega walikuwa na kipimo kingine, na jina lake ni Bwami. Watu wa Mwenga, Shabunda na Pangi wananielewa. Bwami ilikuwa chama chenye daraja nyingi, na mtu alipanda polepole, mpaka daraja za juu za Yananio na Kindi. Mali ilitakiwa, sifichi, na jamaa nzima ilichanga. Lakini mali peke yake haikutosha. Mtu alitazamwa kama anajizuia, kama ana maneno ya upole, kama hapigani hovyo, kama watu wanakaa kwa amani karibu naye. Alifundishwa kwa mithali, kwa ngoma, kwa sanamu ndogo za pembe ambazo leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Na jambo hili wengi hawalijui: hakufika juu peke yake. Bibi yake alipanda pamoja naye, na wamama walikuwa na daraja zao wenyewe, kama Bunyamwa. Mwanaume aliyekosana na bibi yake alikuwa na shida ya kuendelea.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga Bwami marufuku. Iliiona kama kitu cha siri na cha hatari.

Sisemi kwamba zamani ile ilikuwa paradiso. Barza, pale wazee walipokaa kuzunguka moto jioni, ilikuwa mahali pa wanaume. Mama alileta chakula na kurudi jikoni, na kijana alisikiliza tu. Lakini kwenye barza mwanaume alisema. Alisema deni lake, mgogoro wake na ndugu, mtoto aliyemshinda. Kunyamaza na kubeba peke yako haikuwa sifa. Mtu aliyenyamaza sana wazee walimwuliza ana nini moyoni.

Sasa ndugu, tuone kilichoingia katikati.

Kwanza ni mpira. Kutoka 1885 mpaka 1908 Kongo ilikuwa mali ya Léopold II, na watu wakaita utawala wake Bula Matari, mvunja mawe. Katika sehemu nyingi za misitu, askari waliwakamata wamama na kuwafunga mpaka mabwana zao walete uzito wa mpira uliotakiwa. Fikiri kitu hicho kinafanya nini ndani ya mwanaume. Bibi yake yuko ndani ya ua wa askari, na yeye anakimbia msituni kukata kamba za mpira, akijua kwamba akikosa uzito hawezi kumtoa. Hapo ndipo, kwa mawazo yangu, mambo mawili yalianza kufungwa pamoja kwa nguvu: mwanaume ni yule anayeleta, na asiyeleta anapoteza nyumba.

Ubelgiji ilipochukua inchi mwaka 1908, mpira ulipungua na kodi ikaja. Kuanzia 1910 mwanaume mzima alitakiwa kulipa kwa feza. Mwenye mabibi wengi aliongezewa. Feza haikuota shambani. Ilipatikana kwa Mzungu, kwa hiyo kijana akaenda kwenye migodi, kwenye reli, kwenye mashamba ya kahawa. Na wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918, watu zaidi ya 200,000 walifanywa wabeba mizigo, wengi kwa ajili ya jeshi lililopanda kutoka huku kwetu mpaka kuteka Tabora mwaka 1916. Wengi hawakurudi. Hakuna kijiji kilichowajengea mnara.

Katika karatasi za serikali ya wakati ule kuna herufi tatu: HAV. Kwa Kifaransa maana yake ni wanaume wazima wenye nguvu. Kila kijiji kilihesabiwa HAV zake, na kutoka hesabu hiyo serikali ilijua inaweza kutoa watu wangapi wa kazi. Mzee hakuwa HAV. Mgonjwa hakuwa HAV. Mama hakuwa HAV, ingawa yeye ndiye aliyebaki na shamba, na katika vita ya pili, kuanzia 1942, kazi ya lazima ya kulima na mengine iliongezwa kutoka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mwanaume akawa mgongo na mikono. Kifua chake na kichwa chake havikuulizwa.

Na posho? Hapa ndipo jina la siku yetu linapotoka. Kwenye makampuni, mfanyakazi alipewa chakula cha juma, unga, samaki, chumvi, na siku ya kugawa ikawa siku ya posho. Huko Katanga, Union Minière iliona kwamba watu wanaokuja na kuondoka wanaipotezea faida. Kutoka miaka ya 1920 ikaanza kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaambia walete mabibi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na baba aliipata kwa sababu ya kazi. Posho ya mama na watoto, shule, hospitali, vyote vilishikamana na jina la baba. Akifukuzwa, wote wako nje. Wazee wetu wengi wa Kivu na Maniema walipita huko, wakarudi na wazo hilo ndani ya sanduku pamoja na baiskeli: baba ni yule mwenye posho. Wajukuu wanaliita desturi ya mababu.

Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waligoma kwa ajili ya mishahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari waliwapiga risasi tarehe 9. Wanaume waliopelekwa mbali ili wawe walishaji wa jamaa waliuawa kwa kusema kwamba mshahara haulishi jamaa.

Mwanaume huyo huyo, mwenye bibi na watoto sita, kwa Mzungu aliitwa "boyi", maana yake kijana mdogo, hata kama ana mvi. Alipigwa fimbo mbele ya watu, mbele ya watoto wake pia. Mwaka 1948 serikali ikatoa karata kwa wale iliowaona "wameendelea", na kutoka 1952 nyingine kubwa zaidi. Kabla ya kuipata karata hiyo kubwa, wakaguzi walikuja nyumbani kuona jikoni, kitanda, namna mnavyokula mezani. Katika inchi ya mamilioni ya watu, waliopata karata zote mbili hawakufika hata elfu mbili. Mtu mweusi alitakiwa kumwonyesha mgeni chumba chake cha kulala ndipo aitwe mtu. Ndiyo maana tarehe 30 Juni 1960 Lumumba, mbele ya mfalme Baudouin, hakusema juu ya minyororo na kazi peke yake. Alikumbusha pia kwamba Mwafrika aliambiwa "wewe" kama mtoto, kwa sababu neno la heshima liliwekwa kwa Wazungu. Wengi walishangaa kwamba waziri mkuu anataja jambo dogo hivyo. Wababa waliowahi kuitwa boyi hawakushangaa.

Mobutu nitampita haraka. Alitupa majina ya mababu na abakosti, akajiita baba wa taifa, na ni kweli kwamba kuna heshima iliyorudi, wazee wanaisema mpaka leo. Lakini chini ya heshima ile posho iliisha. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya asilimia 9,000. Walimu, wauguzi na makarani walikuwa na cheo bila mshahara. Nani alilisha Kongo wakati huo? Wamama: sombe, mkaa, samaki, unga kwenye kichwa. Kila mtu aliona, na hakuna aliyesema. Sheria ya jamaa ya 1987 iliendelea kuandika kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba na bibi anahitaji ruhusa yake kwa mambo ya sheria. Ruhusa hiyo iliondolewa tu mwaka 2016. Baba alibaki mkuu kwenye karatasi.

Halafu bunduki. Mwaka 1996, vita ilipotoka huku mashariki kwenda Kinshasa, watoto walichukuliwa barabarani na shuleni, wakaitwa kadogo. Kijana ambaye baba yake hakuweza kumlipia shule alipewa silaha, na kwa siku moja watu wazima wakamwogopa. Kipimo kipya, cha haraka kuliko vyote. Kingali kinatumika, hamhitaji niwaeleze.

Sasa mrudishe baba yule wa Masisi ndani ya historia hii. Shamba halipo, ng'ombe hawapo, mshahara haukuwapo, bunduki hakuitaka. Kwenye kambi, barza haikuwako pia. Nilitembea Bulengo na Lushagala na redio yangu begani: kulikuwa mahali pa maji, pa dawa, pa watoto, pa wamama. Wababa walisimama kando ya barabara, au walikuwa pale penye kasiksi na kanyanga. Na tuseme yote: wengine walirudi usiku na kumpiga yule aliyewalisha. Historia hii haimtoi mtu huyo katika kosa. Mama aliyebeba mizigo siku nzima hakutunga herufi za HAV.

Mwaka 2012 mashirika ya Promundo na Sonke yalifanya utafiti Goma na kandokando. Wanaume wengi walikubali kwamba wanaona haya mbele ya jamaa zao kwa kukosa kazi. Baadaye vilianzishwa vikundi vya wababa, wanaokaa pamoja juma kwa juma, wakisema waliyoyaona vitani na wanayoyafanya nyumbani, na mabibi wanaitwa kusema kama kitu kimebadilika. Nilikaa pembeni ya kikundi kimoja. Mara ya kwanza walizungumza juu ya bei ya unga saa nzima. Mara ya tatu mzee mmoja alieleza namna alivyomwacha mama yake mgonjwa njiani, akalia, na hakuna aliyecheka. Mwingine alimpa kiti karibu naye. Nilifikiri: hii ni barza, imekosa moto tu.

Kwa wale ambao mzigo umepita maneno, wako pia waganga wa kichwa na moyo, Tulizo Letu hapa Goma na SOSAME huko Bukavu. Watu wanaita nyumba za wazimu. Nimeingia Tulizo Letu kwa kazi yangu, na niliona wababa wamekaa kwenye benchi na vitambulisho mikononi, wakingoja zamu kama mahali pengine pote.

Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa. Watu walirudi, au waliambiwa warudi, au walikwenda wasikojua. Namba ya baba yule ingali imeandikwa kwenye daftari letu. Nimeipiga mara nyingi, haipiti. Siku ya posho iliyopita wababa watatu walipiga laini yetu. Wa kwanza alianza na barabara ya Sake, kama kawaida. Kisha akaniuliza kama yule mtu wa ng'ombe wanne alikwisha kupiga tena.