Jeni na kusinyaa upya kwa ateri za moyo

Kusinyaa upya ni hali ya ateri ya moyo kuwa nyembamba tena pale ilipopanuliwa kwa puto, mara nyingi ndani ya miezi sita. Andreas Grüntzig alifanya upanuzi wa kwanza wa aina hiyo mjini Zurich, Uswisi, Septemba 1977, na haukupita muda ikabainika kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na tatizo hili. Puto hujeruhi ukuta wa mshipa. Seli za misuli laini huzaliana ili kuziba jeraha, na kovu likinenepa hubana njia ya damu. Kwa kuwa wagonjwa waliotibiwa vilevile hawaponi vilevile, ilikuwa haki kuuliza kama tofauti hiyo hurithiwa.

Jeni iliyoshukiwa kuliko zote ni ya ACE, kimeng'enya kinachozalisha anjiotensini II, homoni inayokaza mishipa na kuchochea seli zake kukua. Mtu aliyerithi umbo la jeni hiyo liitwalo D kwa wazazi wote wawili huwa na kimeng'enya hicho kwa wingi. Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba, kati ya wagonjwa 146 waliowekewa stenti, yaani kibomba cha kuushikilia mshipa ubaki wazi, wenye D walipoteza upana mkubwa zaidi wa mshipa. Utafiti wa Munich wa mwaka 2000, wenye wagonjwa zaidi ya 1,800, haukuona uhusiano huo, na kwa jambo lenye bahati nasibu nyingi kama hili, wingi wa watu ndio wa kuaminiwa. Atakayesema hesabu zimegongana tu na atazame tiba: mwaka 2001, katika jaribio la PARIS, wagonjwa wenye D mbili walipewa kwinaprili, dawa inayozuia ACE. Mishipa yao ilisinyaa zaidi kuliko ya wale waliopewa dawa bandia.

Je, basi urithi hauna neno? Unalo, na hapa ndipo utafiti wa jeni ulipozaa matunda. Uchunguzi wa Uholanzi uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 ulihusisha kusinyaa upya na jeni kadhaa za uvimbe, kisha mwaka 2009 ukaonyesha kwamba umbo mojawapo la jeni ya p27kip1 huambatana na hatari ndogo. Protini ya jeni hiyo huzuia seli kugawanyika. Sirolimusi, dawa inayopakwa kwenye stenti, huilinda protini hiyohiyo isivunjwe, na stenti za namna hiyo zimeshusha kusinyaa upya hadi chini ya asilimia 10 kwa wagonjwa wengi, bila kujali wamerithi nini.

Wapo wanaotumaini kwamba jeni dhaifu nyingi zikijumlishwa zitamtambua mgonjwa aliye hatarini. Huenda, ila tafiti nyingi zimefanywa kwa Wazungu na Wajapani, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa Waafrika, ambao jenomu zao zina tofauti nyingi zaidi. Kwa sasa kisukari, wembamba wa mshipa na urefu wa sehemu iliyoziba hutabiri vizuri kuliko jeni yoyote, na daktari hana sababu ya kuchagua stenti kwa kipimo cha jeni.